Mmisionari Mgeni Hulelewa na Nani?





Katika kikao cha mwisho cha Halmashauri ya Walei ya parokia yetu liliulizwa swali ambalo tangu siku hiyo limekuwa likizungumzwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo nyingi. Mzee mmoja, mwenyekiti wa kigango kilicho mbali na makao ya parokia, alisimama akasema kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka: "Baba Paroko, nyumbani kwenu mpo mapadre watatu mnaokula meza moja, nasi huku Misa Takatifu tunaiona kama mvua ya kiangazi. Huyu Padre mgeni mbona hapewi vigango vyake akaanza kazi?" Wajumbe wengi walimuunga mkono. Kwa kuwa jambo hili linatugusa sote, tumeona vema tafakari ya juma hili iwe jibu kwake na kwenu nyote.

Tuseme wazi kwamba swali la mzee ni la haki. Mkoa wetu wa Katavi una eneo la zaidi ya kilometa za mraba 45,000. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa ulipozaliwa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Yaani, katika miaka kumi tu tumeongezeka zaidi ya mara mbili. Wafugaji wa Kisukuma wamefika na ng'ombe wao, wakulima kutoka mikoa ya jirani wamefungua mashamba mapya, na ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, ambao wao wenyewe au wazazi wao waliikimbia Burundi mwaka 1972 na baada yake, sasa ni raia wenzetu, baada ya Serikali kutoa uraia mwaka 2014 kwa watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu. Jimbo letu la Mpanda, lililoundwa mwaka 2000, bado ni changa. Vigango vinachipuka kama uyoga baada ya mvua za masika, lakini mapadre hawachipuki hivyo. Mkristo anayengoja majuma sita ili apokee Ekaristi Takatifu hana kosa akiuliza kwa nini mapadre watatu wanalala nyumba moja.

Hata hivyo jibu letu ni hili: katika mwaka wake huu wa kwanza, Padre mgeni hatatumwa kigangoni peke yake. Wala hatulisemi hili kwa sababu ya uvivu, au kwa kumwonea huruma kama mtoto. Twalisema kwa sababu tunaamini kwamba mmisionari mgeni ni mbegu, na mbegu haiharakishwi kuota kwa kuvutwa jani. Tena tunaamini jambo la pili, ambalo huenda likawashangaza baadhi yenu: mlezi mkuu wa mmisionari mgeni si Paroko, bali ni ninyi waamini. Tuyaeleze yote mawili.

Turudi kwanza nyuma katika historia ya imani yetu, maana nchi hii iliinjilishwa na watu walioliwaza jambo hili kwa kina. Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, aliwaanzisha Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, wale ambao babu zetu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Aliwaachia masharti machache magumu. Sharti moja lilikuwa kwamba wasiishi kamwe chini ya watatu katika kituo kimoja, hata kama kwa kufanya hivyo wangelazimika kufungua vituo vichache zaidi. La pili lilikuwa kwamba wajifunze lugha ya watu, na baada ya miezi sita waizungumze hata wao kwa wao. La tatu lilikuwa kwamba wasiwe na pupa ya kubatiza, bali mwongofu alelewe kwa muda wa miaka minne. Mtaona kwamba masharti yote matatu yana mzizi mmoja, nao ni subira.

Msafara wao wa kwanza uliondoka Ulaya mwaka 1878, ukapitia Bagamoyo. Padre Pascal, aliyekuwa kiongozi wa kundi la Tanganyika, alifia njiani kabla hajaliona Ziwa. Wenzake wakafika Ujiji mwezi wa kwanza mwaka 1879. Miaka miwili baadaye, mwaka 1881, wamisionari watatu waliuawa pamoja huko Rumonge, katika nchi ya Warundi. Basi mtaona kwamba kuwa watatu hakukuwa kinga ya mkuki. Lavigerie hakuweka sharti lile kwa ajili ya ulinzi wa mwili tu. Aliliweka kwa sababu alijua kwamba mtu aliye peke yake ugenini huweza kufa hali angali anatembea: sala hupoa, moyo huwa mkavu, na baadaye hutafuta faraja mahali asipopaswa kuitafuta. Tena kwa nini watatu, wasiwe wawili? Wawili wakigombana hakuna wa kuwapatanisha. Mmoja akiugua homa, wa pili atamuuguza, na wa tatu ataendelea na kazi. Mmoja akisafiri, wawili wataendelea kusali Masifu pamoja. Hesabu hii ni ya kawaida kabisa, kama mafiga matatu yanavyoshika chungu.

Mwaka 1885 wamisionari hao walikabidhiwa kituo cha Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kilichokuwa kimejengwa na Wabelgiji. Kutoka Karema, mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kutoka hapa Mpanda tulipo, ndipo imani ilipoenea katika nchi hii. Na hapo Karema ndipo alipofika, mwaka 1889, mgeni ambaye habari zake kila Mkristo wa Katavi yampasa azijue: Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, katika nchi tunayoiita leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa, na mwishowe akapelekwa kisiwani Malta kusomea uganga wa kisasa. Alifika Karema akiwa kijana, akiwa daktari na katekista. Hakuzijua lugha za hapa. Hakuwa na ukoo hapa. Lakini alipofariki mwaka 1956 alikuwa ametumikia karibu miaka 67, alikuwa ameoa binti wa nchi hii, na mtoto wao Yosefu alikuwa amepewa daraja takatifu ya Upadre mwaka 1923. Amezikwa Karema, kwa watu wake.

Hebu tujiulize: ni nani aliyemlea Atiman? Malta ilimpa elimu ya dawa. Mapadre walimpa katekisimu. Lakini ni nani aliyemfundisha mgonjwa wa Karema anavyoeleza maumivu yake, au namna ya kuingia katika nyumba yenye msiba? Hakuna chuo cha Malta kilichoweza kumfundisha hayo. Mambo ya namna hiyo mgeni huyapokea kwa wenyeji tu: kwa akina mama wanaoleta watoto wao, kwa wavuvi, kwa wazee wa barazani, kwa mke na wakwe. Watu wa Karema walipata daktari; na daktari naye alipata watu. Biashara ya mbinguni huenda pande zote mbili.

Mwenzetu aliyefika kwetu naye ni kijana kutoka Afrika ya Magharibi, naye amekubali tueleze habari zake kidogo. Kabla ya kufika alipita miezi kadhaa katika chuo cha lugha, na tunawashukuru sana walimu wa vyuo vya namna hiyo, kama kile cha Makoko kule Musoma, ambacho kimewapokea wamisionari wa mataifa mengi. Alifika akijua ngeli zote kwa kichwa. Lakini kuijua ngeli na kuzungumza na bibi kizee asiye na meno ni mambo mawili tofauti.

Siku zake hapa nyumbani huenda hivi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tunakutana kanisani kwa Masifu ya Asubuhi na tafakari ya kimya. Saa kumi na mbili na nusu ni Misa Takatifu. Baada ya chai na viazi vitamu, saa tatu huja katekista wetu mstaafu kumfundisha lugha, nao hawaketi darasani: wanakwenda sokoni, kituo cha mabasi, stesheni ya reli, au kwa fundi cherehani, na kila kitu wanachokiona lazima Padre akitaje, aulize bei yake na ashukuru. Mchana tunakula ugali na maharage, na siku ya bahati migebuka kutoka Ikola au Karema. Kwao hula kwa mchuzi mwingine na mkono mwingine wa upishi. Hapa amejifunza kufinyanga tonge bila kuunguza vidole. Alasiri anafuatana na mmoja wetu kwenda kwa wagonjwa au katika Jumuiya. Jioni, baada ya Masifu na chakula, tunaketi sote watatu kwa muda wa nusu saa, naye anaulizwa maswali matatu: Umeona nini leo? Umesikia nini? Nini hukukielewa? Kisha anaandika shajara ya nyumba kwa Kiswahili, sentensi tano au sita, kama misheni za zamani zilivyoandika kila siku mambo yaliyotokea. Sisi tunasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Hayo ndiyo malezi kwa upande wetu. Hayana makuu. Lakini angalieni: kazi yetu ya jioni haina maana yoyote kama mchana hakuna mtu aliyempa kitu cha kusimulia. Malighafi yote ya malezi yake inatoka kwenu.

Na hapa ndipo tunapotaka kusema nanyi kama wazazi wanavyosemezana. Majuma machache yaliyopita Padre mgeni alihubiri kwa mara ya kwanza bila karatasi. Habari ilikuwa ya Yohane Mbatizaji jangwani. Alikusudia kuwaita watu watubu, lakini herufi moja ilimponyoka, na kwa muda wa dakika kumi alipaza sauti akisema: "Tibuni! Ndugu zangu, tibuni leo, msingoje kesho!" Kanisa zima lilitulia. Hakuna aliyecheka, na kwa upole huo tunawasifu. Lakini baada ya Misa, nje ya kanisa, mmoja baada ya mwingine mlimshika mkono mkimwambia: "Padre, leo umehubiri vizuri sana! Kiswahili chako kimenyooka!" Alirudi nyumbani akiwa na furaha kubwa. Alasiri ndipo alipofika mama mmoja mzee, mjane, akaketi ukumbini, akasema: "Mwanangu Padre, neno la leo lilikuwa zuri, ila uliamuru tuwe waganga. Sema 'tubuni'. Kutibu ni kazi ya daktari, kutubu ni kazi yangu mimi na wewe." Padre alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaandika maneno yale katika daftari lake. Hatalikosea tena neno hilo hata akifikia uzee.

Wapendwa, kati ya watu wote waliokuwa kanisani siku ile, ni nani aliyemlea mmisionari? Wale waliomsifu walimpa tamu ya siku moja. Yule mjane alimpa chakula cha maisha yote. Naye hakufanya jambo geni katika Kanisa. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatusimulia habari za Apolo, msomi na msemaji hodari aliyefika Efeso akihubiri kwa bidii, ila kulikuwa na mambo aliyoyajua nusu tu. Hakusahihishwa na Mtume. Walei wawili, mtu na mkewe, Priskila na Akwila, ambao kazi yao ilikuwa kushona mahema, walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (rej. Mdo 18:24-26). Hawakumwaibisha mbele ya watu, wala hawakumwacha aendelee vile vile. Tungependa kila Jumuiya yetu iwe na Priskila wake na Akwila wake.

Kuna jambo jingine linalotuumiza kidogo. Zamani alipokuja mmisionari Mzungu, watu walimvumilia kwa miaka mingi. Akikosea salamu walisema, "Ni mgeni huyo, atajifunza." Lakini anapokuja Mwafrika kutoka nchi ya mbali, kwa sababu ngozi yake ni kama yetu, tunadhani anajua kila kitu, na asipojua tunasema ana majivuno. Tumesikia watu wakinung'unika kwamba Padre huyu hakuwaamkia wazee. Ukweli ni kwamba siku zake za kwanza wazee ndio waliokuwa wakimwamkia yeye, "Shikamoo Padre," naye akaitikia "Marahaba" kama alivyofundishwa, akadhani ndivyo desturi ilivyo. Alipoelezwa kwamba kijana mwenye adabu huwahi kutoa shikamoo kwa mwenye mvi, hata kama kijana huyo ana Daraja, aliuliza kwa mshangao kwa nini hakuna aliyemwambia mapema. Swali hilo tunalileta kwenu. Leo anatoa shikamoo; tena anasalimia "Mwangaluka" akikutana na Wasukuma asubuhi, na "Amahoro" akifika kwa ndugu zetu wa Katumba, na uso wa mtu unavyofunguka anaposalimiwa kwa lugha ya mama yake hauhitaji kufafanuliwa.

Hali kadhalika, yapo mafunzo ambayo hayana maneno. Katekista alimpeleka msibani. Njiani Padre akauliza: "Nitawaambia nini wafiwa?" Katekista akajibu: "Usiwaambie kitu, Padre. Kaa nao." Akakaa mkekani tangu saa nne mpaka jua lilipopinda. Jioni ile katika shajara aliandika sentensi moja tu: kwamba leo amehubiri bila kusema. Sisi hatukuweka kalamu nyekundu.

Sasa turudi kwa mzee wetu wa kigango. Yeye aweza kusema: "Haya yote ni mema, lakini je, asingejifunza haraka zaidi kama angetupwa majini aogelee? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Tunaukubali usemi huo kwa moyo wote. Lakini wahenga walisema apewe jembe. Hawakusema apelekwe shamba la mbali akalime peke yake asikojua mpaka wala msimu. Siku ya tatu mgeni hulima ubavuni mwa mwenyeji wake, akiangalia anavyoshika mpini. Naye Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake aliwatuma wawili wawili (rej. Mk 6:7), ingawa vijiji vilikuwa vingi, na ingawa kwa hesabu zetu za leo angefikia vijiji mara mbili zaidi kama angewatuma mmoja mmoja. Yesu alikubali vijiji vichache, ili wajumbe wake wasibaki wapweke.

Tuwakumbuke pia Paulo na Barnaba. Kijana Yohane, aitwaye Marko, alifuatana nao katika safari ya kwanza, akawaacha njiani akarudi Yerusalemu. Safari ya pili ilipokuja Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo akakataa katakata, hata wale mitume wawili wakatengana kwa sababu ya kijana mmoja (rej. Mdo 15:36-40). Paulo alikuwa na hoja nzuri: kazi ni ngumu, hatuna nafasi ya mtu asiye imara. Barnaba alikuwa na kijana. Miaka ikapita, na Paulo akiwa kifungoni aliandika akiomba aletewe Marko huyo huyo, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi (rej. 2Tim 4:11). Kama Barnaba asingekuwa na subira, Paulo angemwomba nani? Sisi katika nyumba hii tumechagua upande wa Barnaba, huku tukijua kwamba hoja za Paulo hazikuwa za kipuuzi.

Aidha, tusisahau kwamba deni hili limegeuka. Papa Pius XII, katika waraka wake Fidei Donum wa mwaka 1957, aliyaomba majimbo ya zamani yatoe mapadre wao kwa ajili ya nchi kama yetu. Mwaka 1969 Papa Paulo VI, akiwa Kampala, aliwaambia Waafrika kwamba sasa ni zamu yao kuwa wamisionari kwa bara lao wenyewe. Leo watoto wa Tanzania, mapadre na masista, wapo Ujerumani, Italia, Marekani na katika nchi nyingi za Afrika. Huko nako mwana wetu anafika na lugha ya darasani, anakutana na baridi ambayo hajawahi kuiota, watu hawamwelewi akisoma Injili, na jioni anajifungia chumbani. Nani atamfundisha kutembea juu ya barafu? Nani atamwambia kwa upole kwamba katika nchi ile mtu haji nyumbani bila kuagana naye kwanza? Tunasali kila siku kwamba apatikane bibi mmoja wa Kijerumani atakayeketi naye jikoni. Basi tunavyotaka watoto wetu watendewe huko, ndivyo tuwatendee wana wa watu walioletwa kwetu.

Hatutaki, hata hivyo, kuwajibu wenye njaa kwa maneno matupu. Baada ya kusikiliza kikao tumeamua hivi. Kuanzia mwezi ujao hatutakuja tena vigangoni asubuhi na kuondoka mchana kwa pikipiki huku Wakristo wengine bado wapo foleni ya Kitubio. Tutakuja wawili, Padre mgeni akiwa mmoja wao, nasi tutalala kwenu siku mbili. Mmoja ataungamisha na kuzungumza na wanandoa. Mwingine, pamoja na katekista wa kigango, atawatembelea wagonjwa na wazee nyumba kwa nyumba. Misa hazitaongezeka sana kwa sasa. Tunalisema hilo mapema ili asiwepo wa kudai kwamba aliahidiwa. Lakini tutakuwa nanyi kwa muda mrefu zaidi. Na katika Dominika ambazo hatupo, makatekista wetu wataendelea kuongoza Ibada ya Neno kama walivyofanya kwa uaminifu tangu enzi za Karema. Bila wao hakuna parokia hapa, kuwe na mapadre watatu au thelathini.

Nasi tunawaombeni mambo manne. Kwanza, msahihisheni. Fanyeni hivyo kwa faragha, kwa upendo, na siku hiyo hiyo. Pili, mwacheni aulize. Hata swali la kitoto mlijibu bila kumcheka, maana kuuliza si ujinga. Tatu, msimfanye benki. Wapo walioanza kumpelekea shida za ada na nauli kwa siri, wakidhani mtu wa kutoka nje hakosi wafadhili. Shida zenu ni za kweli, lakini zipitishieni katika Jumuiya na Karitasi ya parokia, ili urafiki wenu naye usianze na mkono ulionyooshwa. Nne, mkaribisheni nyumbani siku zisizo za sherehe. Siku ya ubatizo na harusi kila mgeni huiona sura nzuri ya nyumba. Aje siku ya kawaida, mnapopukuchua mahindi, watoto wakilia na moshi ukiwaka machoni. Hapo ndipo atakapojifunza Kiswahili cha Katavi, na hapo ndipo atakapoanza kuwapenda kwa jinsi mlivyo.

Na wewe mzee wetu wa kigango, tunakushukuru kwa kusema waziwazi yale ambayo wengine waliyanong'ona. Padre mgeni ameomba kwamba siku mbili zake za kwanza alale kwako. Yeye mwenyewe amesema anataka kufundishwa na mtu asiyeogopa kuwaambia mapadre ukweli.

Tuombe kwa maombezi ya Bikira Maria, Malkia wa Afrika, Bwana wa mavuno apeleke watenda kazi katika shamba lake, na atupe sisi wenyeji subira ya kuwalea wale aliokwisha kuwapeleka.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote, na awajalie juma jema.